Kutafuta Maingizo Yaliyokosekana Baina ya Matawi ya Programu

Programu kubwa ya kompyuta haiandikwi mara moja ikaisha. Huandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na kila siku hurekebishwa hapa na kuongezwa pale. Ili kazi hiyo isivurugike, waandishi wake huiweka katika mfumo wa kutunza matoleo, ambao ni mfano wa daftari lisilofutwa: kila badiliko huandikwa humo pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe yake, na maelezo mafupi ya sababu yake. Badiliko moja lililokwisha kuandikwa hivyo litaitwa hapa ingizo, na daftari zima litaitwa ghala. Mfuatano wa maingizo unaoendelea peke yake kando ya mfuatano mwingine huitwa tawi.

Swali linalochunguzwa katika makala haya ni fupi kwa maneno, walakini limewasumbua mafundi wengi. Yakiwapo matawi mawili ya programu moja, ni maingizo gani yamo katika tawi la kwanza nayo hayamo katika la pili? Msomaji aliyepata kulinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja atalitambua swali hili upesi, maana naye huuliza ni ubeti gani umo katika nakala hii na umekosekana katika ile. Tofauti ipo, hata hivyo. Mlinganishaji wa miswada hutafuta asili iliyopotea, na wanakili wenyewe hawapo tena wakaulizwa. Fundi wa programu anayo asili, anazo nakala, tena anayo historia ya kila mstari. Na bado jibu humponyoka. Kwa nini humponyoka ndilo jambo linalostahili kuelezwa.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini matawi huwapo. Programu ikisha kutolewa kwa watumiaji, wengi wao hawapendi kuibadilisha kila wiki. Benki au hospitali hutaka toleo moja likae miaka mitano, hata kumi, bila kugeuka tabia. Basi tawi moja, litakaloitwa hapa kuu, huendelea kupokea mambo mapya, na tawi la pili, litakaloitwa matengenezo, hupokea masahihisho tu. Kosa likigunduliwa husahihishwa kwanza katika kuu, kisha sahihisho lile lile huhamishiwa katika matengenezo. Hatua ya pili ikisahauliwa, watumiaji wa toleo la zamani hubaki na kosa ambalo kwa wenzao limekwisha kuondolewa, wala hawana habari.

Mfano wa hatari hiyo umo katika historia ya Linux, kiini cha mfumo kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Tarehe 14 Aprili 2015 ingizo moja dogo liliandikwa katika tawi kuu la kiini hicho; namba yake huanza na a87938b2e246. Lilisahihisha namna kiini kinavyoipangia programu nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Kabla ya hapo kiini hakikuhesabu nafasi ya kutosha programu nzima, na kwa hiyo sehemu ya programu iliweza kuwekwa katika uwanda mtupu ulioachwa kwa makusudi baina ya programu na rundo lake, yaani mahali inapoweka hesabu zake za muda. Mwezi Mei mwaka huo huo sahihisho lilihamishiwa katika tawi la matengenezo la toleo 3.10, likatoka katika toleo 3.10.77. Hata hivyo halikutambuliwa kuwa ni jambo la usalama, na wasambazaji waliokuwa na matawi yao wenyewe ya muda mrefu hawakulichukua wote. Red Hat Enterprise Linux 7, ambayo kiini chake kilichipuka katika toleo lilo hilo 3.10, ilikaa bila sahihisho hadi toleo lake la 7.4 lilipotoka tarehe 1 Agosti 2017. CentOS 7 ilifuata mwezi Septemba. Toleo la 6 la mifumo hiyo miwili lilikuwa bado na tundu hilo hata tarehe 26 Septemba 2017, siku kampuni ya Qualys ilipotangaza kwamba mtumiaji wa kawaida aliyekwisha kuingia katika kompyuta angeweza kulitumia kujitwalia mamlaka yote. Hitilafu ikapewa namba CVE-2017-1000253. Dawa yake ilikuwa imekaa hadharani kwa zaidi ya miaka miwili.

Mfumo wa kutunza matoleo utumikao zaidi leo ni Git, alioanza kuuandika Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, wakati ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper ilipoondolewa kwa waandishi wa kiini cha Linux. Katika Git kila ingizo lina namba yake ya utambulisho, nayo kwa kawaida huandikwa kwa alama 40, ambazo ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Namba hiyo haipangwi na mtu. Hupatikana kwa hesabu inayofanywa juu ya yote yaliyomo katika ingizo: hali ya mafaili yote kwa wakati ule, jina la mwandishi, tarehe, maelezo, na namba ya ingizo lililolitangulia, ambalo kwa lugha ya Git huitwa mzazi. Kwa kuwa namba ya mzazi nayo imetokana na ya babu, na ya babu na ya babu yake, namba moja hushuhudia nasaba nzima hadi ingizo la kwanza kabisa. Herufi moja ikibadilishwa katika ingizo la zamani, namba za vizazi vyote vilivyofuata hubadilika.

Njia ya kwanza ya kujibu swali imejengwa juu ya nasaba hiyo. Amri yake ni hii:

git log matengenezo..kuu

Nukta mbili zina maana yake. Amri husema: yaonyeshwe maingizo yote yanayoweza kufikiwa kwa kupanda kutoka kuu hadi kwa wazee wake, yakiondolewa yale yanayoweza kufikiwa vivyo hivyo kutoka matengenezo. Majina yakigeuzwa mahali pake, hupatikana jibu la swali lingine kabisa, nalo huonekana la kweli vile vile. Na kosa hilo ni la kila siku hata kwa wazoefu. Zikiwekwa nukta tatu badala ya mbili, huonyeshwa maingizo ya pande zote mbili yasiyokuwa ya pamoja. Mtu mwenye ingizo moja tu akilini anaweza kuliuliza moja kwa moja:

git branch --contains a87938b2e246

naye atajibiwa kwa orodha ya matawi yenye ingizo hilo katika nasaba yake.

Njia hii ni ya haraka na haina dhana ndani yake. Maadamu matawi huunganishwa tu, yaani tawi moja hupokewa lote kwa jumla ndani ya lingine, jibu lake ni kamili. Shida huanza pale ambapo tawi halitaki kupokea yote. Tawi la matengenezo, kwa maana yake yenyewe, hukataa mambo mapya na kuchukua sahihisho moja hapa, moja pale. Kitendo hicho katika Git kina jina la mchumaji wa matunda ya cheri achaguaye moja moja mtini. Kwa Kiswahili neno kudondoa linatosha, maana lina maana ya kuokota kimoja kimoja, na tayari limezoewa na wasomi katika kudondoa maneno ya kitabu.

Ingizo lililodondolewa hupata mzazi mpya, kwa kuwa limepandikizwa juu ya tawi jingine. Mzazi akibadilika, namba hubadilika. Kwa hiyo badiliko moja, lenye mistari ile ile na mwandishi yule yule, huwa na namba mbili zisizofanana hata kidogo, na nasaba haina njia ya kujua kuwa hao ni kitu kimoja. Ichukuliwe kwamba matawi mawili yaliachana baada ya ingizo B. Kuu ikapata C, D na E. Matengenezo ikapata X, kisha ikadondoa D, ambayo huko sasa ni D ya pili yenye namba yake. Amri ya nukta mbili itaonyesha E, D na C zote kuwa zimekosekana. D imo, nayo yatajwa kuwa haimo. Tawi likiwa limedondoa mamia ya masahihisho, orodha ya yanayodhaniwa kukosekana hujaa yaliyokwisha kuchukuliwa, na lile moja ambalo kweli halikuchukuliwa hufichika katikati yao.

Hapo ndipo huja njia ya pili, ambayo huacha kuuliza ingizo limetoka kwa nani, na badala yake huuliza limefanya nini. Git huchukua kiraka cha kila ingizo, yaani orodha ya mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa pamoja na mistari michache ya jirani, huondoa namba za mistari na nafasi tupu, kisha hufanya hesabu juu ya kilichobaki na kupata alama ya kiraka. Viraka viwili vyenye alama moja huhesabiwa kuwa badiliko moja, hata kama maingizo yake yana namba mbalimbali. Amri ni:

git cherry matengenezo kuu

Katika mfano uliotangulia jibu lake ni mistari mitatu. C ina alama ya kujumlisha, maana yake haimo katika matengenezo. D ina alama ya kutoa, maana yake mwenzake amepatikana huko. E ina alama ya kujumlisha. Anayependa kuona maelezo kamili ya yaliyokosekana hutumia amri ndefu zaidi yenye maana hiyo hiyo:

git log --cherry-pick --right-only --no-merges matengenezo...kuu

Mafundi wengi huishia hapa, na kwa matawi yaliyoachana majuzi hawakosei kuishia. Lakini mistari ya jirani nayo imo katika hesabu. Kiraka cha kawaida hubeba mistari mitatu ya juu na mitatu ya chini ya mahali palipobadilishwa. Mmoja wa mistari hiyo ukiwa umebadilishwa katika toleo la zamani, au jina la kitu kimoja likiwa tofauti huko, alama hugeuka. Kadhalika fundi akiyafanya masahihisho mawili kuwa ingizo moja, au akiligawa moja kuwa mawili, alama hazitapatana kamwe. Neno shule limetoka katika Kijerumani Schule; atakayelitafuta katika kamusi ya Kiswahili kwa tahajia ya Kijerumani hataliona, ingawa limo. Njia ya pili hutazama tahajia.

Tokeo lake ni la kusikitisha kidogo. Kadiri matawi yanavyozidi kuwa mbali, ndivyo viraka vinavyozidi kuhitaji kubadilishwa vipate kuingia, na ndivyo alama zinavyozidi kutopatana. Tawi lenye umri wa mwaka mmoja, ambalo watu wake bado wanakumbuka walichokifanya, hupata jibu zuri. Tawi lenye umri wa miaka kumi, ambalo ndilo lenye haja kubwa, hupata jibu bovu. Tangu toleo 2.19 la mwaka 2018, Git ina amri nyingine, git range-diff, ambayo haidai usawa bali hupima ukaribu wa viraka na kuvipanga wawili wawili. Hiyo ilikusudiwa kulinganisha matoleo mawili ya mfululizo mmoja wa viraka, na huko hufaa sana. Kwa maelfu ya maingizo haitoshi.

Kabla ya kufikia njia ya tatu, neno moja juu ya istilahi si la kupita kiasi. Jina tawi limechukuliwa kutoka mti, nalo limezoeleka. Lakini matawi ya mti yakisha kuachana hayaungani tena, hali matawi ya programu huachana na kuungana kila siku. Waandishi wa Kiingereza wenyewe, wanapotaka kutaja mahali sahihisho lilikotoka, huuacha mti na kutumia maneno ya mto, wakisema limetoka upande wa juu wa maji. Kwa Kiswahili mkono wa mto ungefaa zaidi kuliko tawi, na chimbuko lingefaa kwa hilo la pili. Tawi limekwisha kushika, na si rahisi kuling'oa. Chimbuko bado lina nafasi, nalo litatumika katika kurasa zinazofuata.

Njia ya tatu ni ushuhuda. Anayedondoa ingizo huandika, ndani ya maelezo ya ingizo jipya, namba ya lile la chimbuko. Git huweza kuandika mstari huo yenyewe, mtu akitia alama -x katika amri ya kudondoa. Watunzaji wa matawi ya matengenezo ya kiini cha Linux, ambayo kazi yake ilianza mwaka 2005, wameifanya hiyo kuwa sheria: sahihisho haliingii humo mpaka liwe limekwisha kuingia katika tawi kuu la Torvalds au liwe na lililo sawa nalo huko, na maelezo yake hutaja namba kamili ya alama 40. Sababu waliyoitoa ni ya busara. Mtumiaji akihama kutoka toleo la zamani kwenda jipya asije akakutana tena na kosa ambalo toleo la zamani lilikuwa limeliponya; na jambo hilo hutokea mtu anaposahihisha tawi la matengenezo peke yake na kusahau kuu. Maingizo yaliyokosekana yaweza kukosekana upande wowote. Wenye kutafuta upande mmoja tu wameifanya nusu ya kazi.

Mifumo mingine iliuweka ushuhuda mahali pengine. Subversion, tangu toleo lake 1.5 la mwaka 2008, huandika katika ghala lenyewe ni maingizo gani yamekwisha kuunganishwa wapi, na ina amri ya kuorodhesha yale ambayo bado. Gerrit, chombo cha kukagua msimbo kinachotumika katika kazi ya Android, humpa kila badiliko kitambulisho kinachoandikwa ndani ya maelezo yake, na kitambulisho hicho hubaki kile kile badiliko linapodondolewa kwenda tawi jingine. Darcs ilitwaa njia ya mbali zaidi: humo badiliko lenyewe ndilo lenye jina, wala jina hilo halitegemei nasaba, hata likichukuliwa pekee na kupelekwa kwingine. Katika Darcs swali la makala haya karibu halina ugumu. Git imeshinda kwa wepesi wake na kwa sababu nyingine nyingi, na ugumu huu ni sehemu ya gharama iliyolipwa.

Ushuhuda una kasoro ambayo wasomi wa riwaya na isnadi wanaijua: mtu husahau kuutoa, au huutoa kwa makosa. Mstari wa chimbuko ulioandikwa kwa mkono waweza kukosewa alama moja ukawa hauelekezi popote. Fundi mwenye haraka huandika upya sahihisho kwa maneno yake, naye haoni kuwa alichokifanya ni kudondoa. Wala nasaba, iliyosifiwa hapo juu kuwa haina dhana, haiko salama. Git ina namna ya kuunganisha matawi ambayo hutangaza katika nasaba kwamba tawi la pili limepokewa lote, ilhali yaliyomo ndani yake yametupwa yote:

git merge -s ours kuu

Amri hiyo ina matumizi yake ya halali. Lakini ikitumika ndani ya matengenezo, tangu siku ile amri ya nukta mbili haitaonyesha chochote kilichokosekana. Nasaba itasema yamo. Mafaili yatasema hayamo.

Jambo la namna hiyo hiyo hutokea badiliko linapotanguliwa. Sahihisho hudondolewa, huleta matatizo katika toleo la zamani, na baada ya siku mbili ingizo jingine hulifuta. Njia ya pili na ya tatu zitaendelea kusema sahihisho limo: alama ya kiraka imepatana, ushuhuda umeandikwa. Ni kweli liliingia. Si kweli kwamba limo. Hali ni mbaya zaidi ikiwa kilichotanguliwa ni muunganisho wa tawi zima, kwa sababu kuliunganisha tawi hilo mara ya pili hakurudishi kitu. Git huona yote yamekwisha kupokewa. Ni lazima kwanza utanguaji wenyewe utanguliwe. Torvalds aliueleza mtego huo mwaka 2008, na maelezo yake yamehifadhiwa katika nyaraka za Git.

Kwa hiyo mtafutaji makini hashiki njia moja. Huanza na nasaba, kwa kuwa ni nyepesi, apate orodha ndefu. Huipunguza kwa alama za viraka. Katika zilizobaki husoma mistari ya chimbuko na kuondoa zilizoshuhudiwa. Kisha hutafuta, katika maelezo ya tawi la zamani, maingizo yanayotaja kutangua, na kila moja hulirudisha katika orodha ya yaliyokosekana. Mwisho huulinganisha msimbo wenyewe, kwa amri git diff au kwa kutafuta mstari maalumu kwa git log -S, pale ambapo shaka imebaki.

Na hapo orodha yaweza kuwa sahihi kabisa na bado isifae kitu. Kila toleo jipya la kiini cha Linux hutoka baada ya wiki tisa au kumi, na huwa na maingizo zaidi ya 10,000. Tawi la matengenezo la miaka mitano limekosa, kwa haki, mamia ya maelfu ya maingizo, na karibu yote limeyakosa kwa makusudi: ni mambo mapya yasiyolihusu. Mwaka 2015 ingizo a87938b2e246 lingeonekana kwa urahisi katika orodha yoyote ya yaliyokosekana katika kiini cha msambazaji. Lingeonekana kama mstari mmoja miongoni mwa maelfu, bila neno la kumshtua msomaji. Kilichotakiwa si orodha ya yaliyokosekana, bali orodha ya yaliyokosekana ambayo kosa lake limo.

Waandishi wa Linux wamekuwa na desturi inayolifikia swali hilo la pili. Sahihisho linapoandikwa, mwandishi hutia mstari unaotaja ingizo lililoleta kosa, kwa alama 12 za kwanza za namba yake au zaidi, pamoja na kichwa chake. Kwa mstari huo uchunguzi huweza kufanywa na mashine: kwa kila sahihisho lililo katika kuu, na lisilo katika matengenezo, huulizwa kama ingizo lenye kosa limo katika matengenezo. Likiwa halimo, sahihisho halina kazi huko. Likiwamo, hapo pana tundu. Mamia ya maelfu hushuka kuwa idadi ambayo mtu aweza kuisoma. Walakini ingizo lenye kosa nalo laweza kuwa lilidondolewa kwenda matengenezo, likawa huko na namba nyingine. Basi kulitafuta kwa nasaba peke yake hakutoshi, na mstari wa chimbuko huhitajika kwa mara ya pili. Kosa hudondolewa sawasawa na dawa, tena mara nyingi na mtu yule yule aliyedhani analeta dawa.

Masahihisho yasiyokuwa na mstari huo hubaki nje ya uchunguzi, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Kosa la zamani sana mara nyingi halijulikani lililetwa na ingizo gani, na mwandishi hulisahihisha bila kutaja asili yake. Kwa upande wa usalama badiliko kubwa lilikuja mwezi Februari 2024, watunzaji wa kiini cha Linux walipopewa mamlaka ya kutoa wenyewe namba za CVE kwa hitilafu za kiini hicho. Msimamo wao ni kwamba, kwa mahali kiini kilipo katika mfumo, karibu kosa lolote laweza kutumiwa kuuvunja usalama, na kwa hiyo namba hutolewa kwa wingi badala ya kungojewa mtu athibitishe hatari. Kila tangazo hutaja kosa liliingia katika toleo gani na kwa ingizo lipi, kisha hutaja, toleo kwa toleo, ingizo lililolisahihisha katika kila tawi la matengenezo linalotunzwa nao. Sahihisho moja huonekana hapo kwa namba nne au tano zisizofanana.

Wasambazaji wenye matawi yao wenyewe hupata katika matangazo hayo orodha ya kuanzia. Namba zilizomo ni za maghala ya chimbuko, na mara nyingi katika ghala la msambazaji hakuna hata moja kati yake. Hapo kazi ya alama, ushuhuda na msimbo huanza upya. Penye uwezo huandikwa pia programu ndogo inayolichokoza kosa lenyewe, nayo huendeshwa katika kila toleo lililo mikononi mwa watumiaji. Hiyo haiulizi namba wala kiraka. Kompyuta ikianguka katika toleo la zamani na kusimama katika jipya, ingizo limekosekana, hata kama daftari lote linasema limo.